Laini 100,000 za New York: namna ya kusoma tangazo la serikali kuhusu mitambo ya meseji za utapeli

Tarehe 23 Septemba 2025, viongozi wa dunia walipokuwa wanaanza kuhutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mjini New York, Secret Service ya Marekani, idara inayomlinda rais, ilitangaza kuwa imevunja mtandao wa mitambo ya simu uliotapakaa katika jiji hilo na majimbo ya jirani. Mitambo zaidi ya 300, laini za simu 100,000. Jioni yake shemeji yangu akanitumia habari ile ikiwa imeshanenepa njiani: "Njama ya kuzima simu za New York nzima yazimwa." Nikaenda kulisoma tangazo lenyewe. Lilizungumzia uwezo wa mitambo. Siku ya shambulio, saa yake, mtu aliyelipanga, hayo hayakuwemo.

Tangu siku ile nimekuwa na utaratibu wangu wa kusoma matangazo ya aina hii, na ndio ninaouandika hapa. Nitautumia mfano huo wa New York mwanzo hadi mwisho, kwa sababu una kila kitu ndani yake: vitu vya kweli vilivyokamatwa, namba kubwa, maafisa wasiotaja majina, na sentensi moja muhimu iliyokaa chini kabisa.

Tahadhari ndogo kwanza. Kutilia shaka si kusema serikali imedanganya. Mitambo ilikuwepo, picha zake zilitolewa, rafu kwa rafu zenye antena zilizosimama kama miiba ya nungunungu. Swali ni kama maelezo yaliyofungwa kwenye mitambo hiyo yanaifaa.

Hatua ya 1: Ujue mtambo wenyewe kabla ya kusoma wanachosema juu yake

Hii watu wengi huiruka, halafu kila kitu kinachofuata kinawatisha.

Mitambo ya aina hii huitwa shamba la laini, yaani mkusanyiko wa visanduku ambavyo kila kimoja hubeba laini nyingi za simu badala ya moja. Ndani mna vitu viwili unavyopaswa kuvitofautisha: nafasi za kuwekea laini, na njia za redio zinazoongea na mnara. Nafasi huwa nyingi kuliko njia. Visanduku vikubwa vinavyouzwa hadharani, kwa mfano, hubeba laini 512 lakini vina njia 64 tu. Maana yake laini 64 zinafanya kazi, nyingine zimekaa benchi zikisubiri zamu.

Kwa nini zikae benchi? Kwa sababu kampuni za simu huwinda laini zinazotuma meseji kupita kiasi na kuzifungia. Mwenye mtambo huzungusha laini ili hakuna hata moja itakayoonekana imezidi, na iliyofungiwa huchomolewa ikawekwa mpya. Kwa hiyo ukisikia "laini 100,000", usione simu 100,000 zikipiga kwa pamoja. Ona ghala.

Kazi za ghala hilo zinajulikana. Kutuma meseji za utapeli, zile za "una deni la ushuru wa barabara, lipa hapa", ambazo polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, waliwatahadharisha wananchi juu yake Aprili 2024. Kupitisha simu za kimataifa kwa mlango wa nyuma ili zionekane za ndani. Na kukodisha namba kwa dakika chache kwa mtu anayetaka kufungua akaunti ya mtandaoni bila kutumia namba yake: anapokea ile namba ya siri ya uthibitisho, anaondoka. Biashara hii ya mwisho ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, na tutairudia.

Hatua ya 2: Tafuta tangazo lenyewe, kisha upige mstari chini ya vitenzi

Usisome habari iliyoandikwa kuhusu habari. Taasisi za serikali ya Marekani huweka taarifa zao kwenye tovuti zao, na taarifa ya kawaida haizidi ukurasa mmoja au miwili. Ipate hiyo, uipake rangi mbili.

Hapa Kiswahili kinatupa faida ambayo Kiingereza hakina. Kiingereza kina kitenzi kimoja kinachobeba "iliweza" na "ingeweza" kwa pamoja, na matangazo ya serikali hukipenda kwa sababu hiyohiyo. Sisi inabidi tuchague. Basi chagua. Kila penye jambo lililotokea, weka *-li-*. Kila penye jambo ambalo lingewezekana, weka *-nge-*. Usikubali "ulikuwa na uwezo wa", kwa sababu maneno hayo ndiyo daraja ambalo *-nge-* huvukia na kugeuka *-li-* kabla habari haijafika kwenye kichwa cha gazeti.

Tangazo la New York likipakwa rangi linatoka hivi.

Yaliyotokea: mitambo zaidi ya 300 na laini 100,000 zilikutwa katika maeneo kadhaa. Mitambo hiyo, kwa maelezo ya Secret Service, ilitumika kutoa vitisho vya simu dhidi ya maafisa wakuu wa serikali, na uchunguzi wa vitisho hivyo ndio uliowafikisha hapo. Uchunguzi wa awali ulionyesha mawasiliano kati ya watu wanaohusishwa na mataifa ya kigeni na watu wanaojulikana na vyombo vya dola.

Yangeweza kutokea: minara ya simu ingezimwa. Mitandao ingezidiwa. Wahalifu wangewasiliana kwa siri.

Angalia lile fungu la pili. Yote yaliyomtisha shemeji yangu yamo humo.

Ukimaliza tangazo, shuka mpaka mwisho wa habari ndefu za mashirika makubwa ya habari, aya zile ambazo watu hawafiki. Siku ile ile maafisa waliwaambia waandishi kwamba hawakugundua mpango wowote wa moja kwa moja wa kuuvuruga mkutano wa Umoja wa Mataifa. Sentensi hiyo ilichapishwa. Haikufichwa na mtu. Ila ilikaa chini, na chini hakuna anayekaa.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Chukua karatasi. Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji uwe mhandisi na haihitaji kumwamini mtu.

Siku zile iliripotiwa kwamba mtandao huo ungeweza kutuma meseji milioni 30 kwa dakika, yaani kumfikia kila mtu nchini Marekani kwa takribani dakika 12. Zidisha: milioni 30 mara 12 ni milioni 360. Wamarekani ni kama milioni 340. Sawa, hesabu inajibu yenyewe. Lakini inajibu upande mmoja tu.

Geuza upande wa pili. Milioni 30 gawa kwa laini 100,000: kila laini itume meseji 300 kwa dakika, tano kila sekunde. Tena hapo tumejifanya laini zote zinafanya kazi kwa pamoja, jambo ambalo tumeshaona si kweli.

Sasa turudi kwenye njia za redio. Tuwe wakarimu, tuseme visanduku vyote 300 vilikuwa vya njia 64. Hizo ni njia 19,200. Ili kufika milioni 30 kwa dakika, kila njia ingetakiwa itume meseji zaidi ya 1,500 kwa dakika, kama 26 kila sekunde. Meseji ya kawaida ya simu hutumwa moja baada ya nyingine, na kila moja hula sekunde kadhaa kati ya kifaa, mnara na jibu la kwamba imepokelewa. Tukadirie sekunde tano. Njia moja itatuma 12 kwa dakika, na zote pamoja zitatuma 230,400.

Hiyo ni namba kubwa sana. Ni janga kwa mtu yeyote anayechukia meseji za kitapeli. Lakini ni ndogo kuliko milioni 30 kwa mara 130, na kuwafikia Wamarekani wote kungechukua zaidi ya saa 24 za kutuma bila kupumua, bila laini hata moja kufungiwa njiani.

Sekunde tano ni kadirio langu. Weka tatu, weka mbili, uone mwenyewe. Mtu anaweza pia kuniambia kwamba meseji za kupitia intaneti hazifuati foleni hii ya redio. Ni kweli, huenda haraka zaidi. Ila hizo hazihitaji rafu za antena, na rafu za antena ndizo zilizokuwa kwenye picha.

Namba kubwa katika tangazo ifanyie hivi kila mara: igawanye mpaka ifike kwenye kifaa kimoja, sekunde moja. Kama kwenye kifaa kimoja haiwezekani, haiwezekani kwenye 300.

Hatua ya 4: Chora ramani

Tangazo lilisema mitambo ilikuwa ndani ya maili 35 kutoka kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa. Maili 35 ni kilomita 56. Ukichora duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 56 kutoka makao ya Umoja wa Mataifa pale ukingoni mwa Mto East, Manhattan, unapata eneo la karibu kilomita za mraba 10,000. Ndani yake mna jiji lote la New York, sehemu kubwa ya kaskazini mwa New Jersey, na unagusa Connecticut. Ni miongoni mwa maeneo yenye watu wengi kuliko yote Marekani. Karibu kila kitu cha watu hao, shule, makaburi, karakana za magari, kiko "ndani ya maili 35 kutoka Umoja wa Mataifa".

Halafu kuna redio yenyewe. Laini huongea na mnara ulio karibu nayo. Mtambo uliofichwa kwenye nyumba ya kupanga kilomita 50 kutoka Manhattan unaweza kuulemea mnara wa mtaa huo, watu wa pale wakahangaika kupiga simu. Mnara wa Manhattan hauujui. Kwa hiyo ule umbali uliotajwa ili kutuogofya ndio unaopunguza nguvu ya hoja. Kama lengo lingekuwa kuilemea kwa redio minara inayouzunguka ukumbi ule, mitambo ingetakiwa kuwa mtaa wa pili.

Kwa nini basi mashamba ya laini huwekwa karibu na miji mikubwa? Kwa sababu minara ni mingi, na laini 1,000 zikichangamka katikati ya watu milioni kadhaa hazishtui mtu. Jambazi wa kawaida na jasusi wote wangechagua hapo. Mahali hapatuambii ni yupi.

Hatua ya 5: Mtazame anayesema na siku aliyochagua kusema

Haraka haraka. Secret Service ilianzishwa mwaka 1865 kupambana na noti bandia, na mpaka leo inashughulikia uhalifu wa fedha. Kazi yake nyingine, inayojulikana zaidi, ni kumlinda rais na viongozi wa kigeni wanaokuja kwenye mikutano kama ule wa Septemba. Ikikutana na shamba la laini, inalitazama kwa jicho la mlinzi: hiki kitu kinaweza kumdhuru niliyepewa kumlinda? Jicho hilo ni halali. Mtu wa kampuni ya simu angekitazama kitu hichohicho akaona hasara ya mapato, na mtu wa kulinda walaji angeona wazee waliotapeliwa.

Siku nayo. Tangazo lilitoka asubuhi ambayo Rais Trump alihutubia Baraza Kuu. Sidai kwamba siku ilichaguliwa kwa makusudi. Nasema tu kwamba habari ya "mitambo ya meseji za kitapeli yakamatwa" ikitoka wiki ya kawaida ya Februari, haivuki ukurasa wa teknolojia.

Hatua ya 6: Hesabu majina

Pitia habari ukiandika pembeni kila msemaji: ana jina, au ni "afisa mmoja", "mtu anayefahamu uchunguzi", "mtaalamu wa zamani"? Kisha ona ni madai gani yamewekwa mdomoni mwa wasio na majina. Mara nyingi ndiyo mazito.

Mwaka 2013, siku ya milipuko ya mabomu kwenye mbio za marathoni za Boston, shirika la habari la AP liliripoti kwamba huduma ya simu za mkononi jijini imezimwa ili kuzuia mabomu mengine yasilipuliwe kwa simu. Chanzo kilikuwa afisa wa usalama asiyetajwa jina. Kampuni za simu zikakanusha: hakuna aliyeziomba kuzima, mitandao ilikuwa imeelemewa na watu waliokuwa wanawatafuta ndugu zao. Afisa yule huenda hakudanganya. Aliona simu hazipiti, akadhani anajua sababu. Asiye na jina harudi kesho kusahihisha.

Hatua ya 7: Maneno matatu ya kuyachomoa na kuyaosha

*Kwa siri*, au kama ilivyotafsiriwa kwingine, *kwa usimbaji*. Meseji ya kawaida ya simu haijafichwa dhidi ya kampuni ya simu inayoipitisha; kampuni hiyo inaweza kuisoma. Shamba la laini haliongezi usiri wowote kwenye meseji hiyo. Linachoweza kufanya ni kumpa mtu namba isiyo yake ili akafungue akaunti kwenye programu ya mawasiliano yenye usiri. Usiri ni wa programu, inayotumiwa na mamilioni ya watu wasio na kosa lolote.

*Mataifa ya kigeni.* Rudi kwenye biashara ya kukodisha namba. Mwenye gesti hupokea wageni wengi, na siku polisi wakikuta jina la jambazi kwenye daftari, gesti haigeuki kuwa kambi ya majambazi. Shamba linalouza namba kwa yeyote anayelipa litakuwa na wateja wa kila aina: tapeli, kijana anayetaka akaunti ya pili, na ndiyo, hata mtu wa idara ya ujasusi ya nchi fulani. Ili dai la mataifa ya kigeni liwe na uzito, tunahitaji kujua kama nchi hiyo ilikuwa mteja au ndiyo mwenye nyumba. Tangazo halikusema.

*Wanaojulikana na vyombo vya dola.* Maneno haya hayamaanishi aliyeshtakiwa, aliyehukumiwa, wala anayetafutwa. Mtu aliyewahi kuhojiwa kama shahidi anajulikana na vyombo vya dola.

Hatua ya 8: Tafuta ndugu yake tangazo hilo

Hakuna kipimo kizuri kama tangazo jingine la kitu kilekile. Hili lina ndugu wa karibu sana, lililotoka chini ya mwezi mmoja baadaye.

Oktoba 2025 Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, ilitangaza operesheni iliyoitwa SIMCARTEL, ambayo kilele chake kilikuwa Latvia. Visanduku vya laini 1,200 vilikamatwa, mara nne ya vile vya New York, vikiendesha laini 40,000. Watu saba walikamatwa. Polisi walihusisha huduma hiyo na kesi zaidi ya 1,700 za utapeli Austria na 1,500 Latvia, hasara ikiwa karibu euro milioni 4.5 kwa Austria na euro 420,000 kwa Latvia. Tovuti mbili zilizokuwa zikiuza namba zilichukuliwa.

Yaweke matangazo hayo mawili bega kwa bega. La Ulaya lina waliokamatwa, kesi, kiasi cha fedha na waliotapeliwa, na limeeleza biashara: watu waliuza namba kwa wahalifu. Halikusema minara ya Riga, mji mkuu wa Latvia, ingezimwa, ingawa kwa idadi ya visanduku lilikuwa na sababu zaidi ya kusema hivyo. La New York, siku lilipotolewa, halikuwa na aliyekamatwa hata mmoja.

Nalo la Ulaya si msahafu. Lilisema akaunti za uongo zaidi ya milioni 49 zilifunguliwa kwa namba hizo. Ukifuata Hatua ya 3 utauliza: nani alizihesabu, na kwa rekodi za nani? Ila hata ukiitupa namba hiyo, tangazo bado linasimama kwa miguu mingine. Lile la kwanza ukiliondolea *-nge-* zake, linabaki ghala la laini na vitisho vya simu.

Hatua ya 9: Sasa jishuku mwenyewe

Wanaotilia shaka nao hunogewa. Wiki ile, wataalamu wa usalama wa mitandao, akiwemo Mmarekani Robert Graham, walisema wazi kwamba hili ni shamba la kawaida la wahalifu lililovishwa joho la usalama wa taifa. Nakubaliana nao. Lakini kabla ya kukubaliana nilitafuta hoja yenye nguvu kuliko zote ya upande wa pili, na ipo.

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walionyesha kwa hesabu kwamba meseji 165 tu kwa sekunde, zikielekezwa vizuri, zingetosha kuzuia watu wa Manhattan wasiweze kupiga simu. Mia moja sitini na tano. Hesabu yetu ya Hatua ya 3, ile tuliyoifanya kuupunguza mtambo, inatoa meseji 3,840 kwa sekunde. Mara 23 ya hizo.

Niliposoma hapo nilikaa kimya kidogo.

Kisha nikaangalia sababu. Katika mitandao ya wakati ule, meseji na maombi ya kuanzisha simu vilipita kwenye mlango mmoja mwembamba, kwa hiyo meseji zikijaa mlangoni, simu haziingii. Mitandao hiyo ya zamani kampuni kubwa za Marekani zimeizima karibu yote. Ya leo ina milango mipana na imegawanywa kwa namna nyingine. Tena shambulio la watafiti lilihitaji orodha ya namba za watu walioko eneo dogo muda ule, pamoja na kampuni za simu zisizochuja meseji zinazofanana. Kwa hiyo hatari imepungua sana. Sisemi imefika sifuri, na mtu akisema sifuri, muulize alivyoipata.

Hapo ndipo niligundua hoja yangu halisi iko wapi. Tuseme mtambo ungeweza kusumbua mtandao. Basi shamba lolote la ukubwa huo lingeweza, likiwemo lile la Latvia, na yale yote ambayo hayajakamatwa. Uwezo huo unatokana na kifaa, kama kisu cha jikoni kilivyo na makali. Haumwambii mtu nani alikusudia nini. Kusudio lina ushahidi wake: mawasiliano, malipo, mipango, mtu kizimbani.

Na usije ukatoka hapa ukidhani kwamba "ni meseji za kitapeli tu" ni jambo dogo. Tume ya Biashara ya Marekani ilihesabu hasara ya dola milioni 470 kwa mwaka 2024 kutokana na utapeli ulioanzia kwenye meseji, na hizo ni za wale waliotoa taarifa. Aprili 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kuyapiga marufuku mashamba ya laini kwa sababu ya utapeli huo, bila kuhitaji hadithi ya minara kuzimwa. Uhalifu huu unajitosheleza kwa ubaya.

Hatua ya 10: Andika tangazo upya, kisha lifungulie faili

Nilimjibu shemeji kwa maneno haya, na unaweza kuyachukua kama kiolezo:

"Shemeji, Secret Service wamekamata mitambo zaidi ya 300 na laini 100,000 maeneo ya New York. Wanasema ilitumika kuwatisha viongozi kwa simu. Mitambo ya hivi kwa kawaida hutumiwa na matapeli. Wanasema pia ingeweza kuzima simu, ila wenyewe wamesema hawajaona mpango wowote dhidi ya mkutano wa UN. Hajakamatwa mtu bado. Salimia watoto."

Ni ndefu kidogo kuliko aliyonitumia, na haitasambazwa na mtu. Akajibu kwa kidole gumba.

Faili ni rahisi: ukurasa mmoja wenye tarehe ya tangazo, madai ya *-li-*, madai ya *-nge-*, na mstari wa kujaza baadaye. Kinachokwenda kwenye mstari huo ni hati ya mashtaka. Kesi za mahakama za shirikisho za Marekani husomeka na mtu yeyote duniani kupitia mfumo wao wa PACER, kwa senti 10 kwa ukurasa, na hati nyingi hazizidi dola 3 kila moja, na usipovuka dola 30 katika robo mwaka hulipi kitu. Huhitaji kuielewa hati yote. Tazama makosa yaliyotajwa ukurasa wa kwanza. Yakiwa ni ulaghai wa kimtandao na matumizi haramu ya namba na laini, lilikuwa shamba la matapeli. Ikiwa ni ujasusi, ugaidi au njama ya kuharibu miundombinu ya mawasiliano, basi nilikosea, na kwenye faili langu nimeacha nafasi ya kuandika hivyo. Nimejiwekea ukumbusho kwenye simu, tarehe 23 kila baada ya miezi mitatu, kuingia na kutazama.